Siku Upepo Ulipoangusha Taa za Mjomba

Kitambaa kikipigwa na upepo mkali hutoa sauti kama ya makofi, pa, pa, pa, halafu hunyamaza kidogo kama kinachovuta pumzi, kisha huanza tena. Mwaka juzi, kwenye harusi ya mjukuu wangu hapa Iringa, niliisikia sauti hiyo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, sahani ya pilau mapajani. Vijana wa picha walikuwa wamewapandisha maharusi juu ya mwamba mmoja nyuma ya kanisa, wakasimamisha stendi za taa zao na mwavuli mkubwa mweupe. Upepo ukaukamata ule mwavuli. Kabla sijajua ninalofanya, mimi mwenye magoti mabovu nilikuwa nimeshafika pale mwambani, nimeikumbatia stendi kwa mikono miwili, na pilau yangu nimewaachia kuku.

"Bibi, usihofu," kijana mmoja akaniambia huku akicheka. "Tumeshaning'iniza mifuko ya mchanga."

Kweli, mifuko ilikuwepo, imening'inia vizuri kabisa. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Lakini sikuiachia stendi mara moja, na wajukuu zangu wamekuwa wakiniuliza tangu siku ile kilichonipata. Wao sikuwaambia vizuri. Nitakuambia wewe.

Miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, tulikuwa tunakaa Uyole, nje ya mji wa Mbeya. Uyole ya leo ni maduka na magari. Ile ya kwetu ilikuwa mashamba ya viazi, mikaratusi michache, na barabara ya vumbi. Baba alikuwa seremala wa misheni. Kulikuwa na bibi, mama yake baba, na mdogo wangu Lusajo ambaye alikuwa bado anatembea kwa kuyumba. Na kulikuwa na upepo. Upepo wa kwetu hupita kati ya safu ya milima ya Mbeya na mlima Rungwe kama mtu anayepita mlangoni bila kubisha hodi. Miezi ya baridi ulikuwa ukianza asubuhi umande ukikauka, unabeba vumbi, maganda ya mahindi na kofia za watu, na hautulii mpaka jua lizame.

Mama yangu alikuwa mwanamke wa kushikashika watu. Sijui niseme vipi vingine. Akiongea na mtu lazima amguse bega. Akinisuka nywele alinibana kichwa katikati ya magoti yake, na usiku wa baridi aliichukua miguu yangu akaiweka kati ya miundi yake mpaka ipate joto. Alinukia moshi wa kuni na mafuta ya nazi aliyoletewa kutoka mjini. Nilidhani mama wote wako hivyo.

Kisha akaanza kukohoa. Mwanzoni tulisema ni vumbi. Baadaye baba akampeleka hospitali mjini, na waliporudi hakuna aliyetuambia kitu. Baba alijenga kijumba cha udongo nyuma ya jiko, chenye dirisha kubwa, na mama akahamia huko. Akawa na kikombe chake cha bati cha bluu na sahani yake, vyombo ambavyo bibi alivichemsha peke yake na kuvitundika mbali na vyetu. Sisi watoto tuliwekewa mpaka: jiwe la kufulia nguo. Ukilifikia, simama.

Mtu anayelijua jambo hili ukubwani anaona wazi ulikuwa ugonjwa gani. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa miaka saba. Niliona tu kwamba mama hanigusi tena. Siku moja nililivuka jiwe nikimkimbilia, naye akapiga kelele, "Rudi! Sekela, rudi nyuma!" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata alipomfukuza mbwa. Nilirudi. Nikakaa jikoni nikatafuta kosa langu. Nilikumbuka bakuli nililovunja, nikakumbuka ndama niliyemwacha akala miche ya maharage. Nikaona hayo hayatoshi, kwa hiyo lazima lipo jingine kubwa zaidi ambalo nimelisahau.

Ndipo akaja mjomba Ambakisye.

Mjomba alikuwa kaka yake mama, na alikuwa mpiga picha Iringa. Alijifunza kazi kwenye studio ya Mhindi mmoja, kisha akanunua vyombo vyake mwenyewe: kamera kubwa ya miguu mitatu yenye kitambaa cheusi, stendi mbili za chuma, taa yenye bakuli linalong'aa, na fremu ya mbao iliyowambwa shuka jeupe la kurudishia mwanga. Globu za ile taa zilikuwa za ajabu. Kila moja iliwaka mara moja tu, kwa mwanga unaokufanya uone madoa ya kijani, halafu ikafa. Alishuka na mizigo hiyo kwenye lori, amevaa koti la kijivu, na bibi akampokea kwa salamu ya kwetu, "Ugonile, mwanangu," na maziwa ya mgando.

Jioni ile niliwasikia wakiongea jikoni. Mama alikuwa amepata nafasi kwenye hospitali ya kifua iliyoko mbali sana, kaskazini. Mjomba amekuja kumchukua. Wangesafiri pamoja mpaka Iringa, na kutoka huko angempeleka mbele. Lakini kwanza picha.

"Tuipige ndani, upepo usitusumbue," baba alisema.

"Ndani giza, shemeji. Na hata nje, jua letu la huku linapiga kutoka juu. Amekonda. Bila taa macho yake yatatoka mashimo matupu." Mjomba akashusha sauti. "Watoto watakuja kukumbuka mashimo."

Nilisikia baba akivunja kijiti cha kuni.

Mimi nililichukua neno moja tu katika maneno yote yale: kwanza picha. Kichwani mwangu hesabu ikakaa sawa. Picha isipopigwa, mama haondoki. Nililala nikimwomba Mungu alete upepo, na sidhani kama nimewahi kujibiwa haraka namna ile.

Asubuhi uwanja wetu ulikuwa ukivuma. Mjomba alisimamisha stendi ya shuka, ikalala chini. Akaisimamisha tena, ikamfuata mgongoni. Alivua koti, akakunja mikono ya shati. Aliishusha taa mpaka kimo cha kifua, akatanua miguu ya stendi, akageuza mguu mmoja kuelekea kule upepo unakokwenda ili stendi ikisukumwa ipate pa kujiegemeza. Alikuwa na subira sana. Alifanya kazi huku akizungumza na vile vyuma, "Haya, simama. Simama kama mwanaume."

Kisha akatuita. "Sekela, Lusajo! Nileteeni mawe. Makubwa makubwa!"

Mtoto hakatai kutumwa na mjomba. Nilikwenda bondeni nikarudi na jiwe kubwa kuliko kichwa changu, nimeliweka utosini na kulishika kwa mkono mmoja. Lusajo naye alibeba la kwake kifuani, anapepesuka kwa furaha. Mjomba hakututazama vizuri. Alichukua kamba, akayafunga mawe kwenye miguu ya stendi, akarudi nyuma kuangalia kazi yake. Upepo ukaja. Stendi ikaanguka, na lile jiwe langu likabiringika uwanjani kama mpira, kuku wakakimbia.

Mjomba alilitazama. Akaliokota, akalirusha juu, akalidaka. Halafu akakaa chini kabisa, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Mawe ya kwetu!" alisema. "Nimekaa Iringa mpaka nimesahau mawe ya kwetu!"

Kule Iringa kuna miamba mikubwa kuliko nyumba, na jiwe ni jiwe. Ya Uyole yalimwagwa na milima zamani za kale ilipokuwa inawaka moto, yana matundu kama mkate, na sisi watoto tulikuwa tukiyatupa mtoni ili tuyaone yakielea. Baba alicheka. Bibi alicheka akishikilia nguzo ya jiko. Na mama, aliyekuwa amekaa kwenye kiti mlangoni pa kijumba chake, amevaa gauni lake la kanisani, naye akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu. Lakini kicheko kile kilimgeukia kikawa kikohozi, kikaendelea, na kikaendelea, na kila mtu pale uwanjani akapata kitu kingine cha kutazama.

Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena. Baba alileta sanduku lake la zana, wakalifunga chini ya stendi ya taa. Kwenye stendi ya shuka wakafunga gunia la viazi, na kamba moja wakaivuta mpaka kwenye mkaratusi. Stendi zikatulia. Moyo wangu ukazama.

Mjomba alitupanga. Mama kwenye kiti. Baba nyuma yake. Sisi watoto, alisema, tukae miguuni pake.

"Hapana," mama akasema. "Wakae kule."

"Mama Sekela," baba alianza kwa upole, "ni kwa dakika moja tu."

"Kule, baba Sekela. Au sipigi."

Tukawekwa kule, mimi na Lusajo, upande wa shuka, tumeshikana mikono. Kati yetu na kiti cha mama palikuwa na nafasi ya kumtosha mtu mwingine kusimama. Nilimtazama. Yeye alitazama kamera. Mjomba akaingia chini ya kitambaa cheusi, akatoka, akafunga globu, akasema tusipepese macho.

Ndipo ukaja upepo ambao mpaka leo sijui ulitoka wapi. Ulikuja na vumbi jekundu na bati la mtu. Shuka likatuna. Nikasikia kamba ikikatika, na gunia la viazi likaburuzwa kama linavutwa na ng'ombe. Juu yetu pakawa giza, kwa sababu ile fremu ya mbao yenye misumari kwenye pembe ilikuwa inatuangukia mimi na mdogo wangu. Sikukimbia. Nilimshika tu Lusajo nikafumba macho.

Kilichonigonga hakikuwa mbao. Alikuwa mama. Sijui aliinukaje pale kitini, mtu ambaye kwenda chooni tu kulikuwa kukimchosha. Alituchota wote wawili kwa mara moja, akaanguka juu yetu, na fremu ikampiga mgongoni. Shuka likatufunika. Ndani ya shuka lile mlikuwa na mwanga mweupe na vumbi, na uso wangu ulikuwa kwenye shingo yake. Alinukia dawa, lakini chini ya dawa palikuwa na ule moshi wa kuni. Nilihisi mbavu zake zote. Nilihisi moyo wake ukienda mbio. Mkono wake ulinishika kisogo kama alivyonishika zamani akinisuka, akanikandamiza kwake kwa nguvu hadi ikaniuma, akasema neno moja sikioni mwangu. "Mwanangu."

Halafu akanisukuma.

Alinisukuma kwa viganja viwili, nikaanguka kitako. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio, macho yamemtoka, anapiga kelele kupitia kitambaa, "Mwosheni! Mwosheni huyu mtoto! Mwosheni wote, usoni, mikono, haraka!" Baba alikuwa anajaribu kumwinua, naye anamsukuma baba pia. Bibi akatukokota mpaka kwenye mtungi, akanisugua uso kwa sabuni ya mche na maji ya baridi mpaka mashavu yakawaka moto. Nililia kwa uchungu ambao bibi alidhani ni wa sabuni. Kwa akili yangu, mama alikuwa amenikumbatia kwa bahati mbaya, akagundua ni mimi, akaamuru mguso wangu uondolewe kwa maji.

Taa nayo ilianguka, na globu moja ikapasuka. Ilibaki moja tu. Mama alirudishwa kitini, nasi kule kule. Mjomba alifunga upya kila kitu, lakini kamba ya kuaminika haikuwepo tena. Bibi alimtazama akihangaika. Akakunja kanga yake, akaenda akakaa chini kwenye miguu ya stendi, akaikumbatia.

"Mama, wewe hutaonekana kwenye picha," mjomba alimwambia.

"Uso wangu mimi nani asiyeujua? Piga, mwanangu, kabla makalio yangu hayajaganda."

Mwanga ukawaka. Nikaona madoa ya kijani. Basi, ikawa imepigwa.

Kesho yake mama aliondoka. Alituaga akiwa ameshapanda kwenye gari, dirishani, mtandio mdomoni, akipunga mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulimuuma kutokana na ile fremu. Sikumpungia. Lusajo alipunga kwa niaba yetu wote wawili.

Picha ilifika baadaye na dereva wa lori. Kazi ya mjomba ilikuwa nzuri. Macho ya mama hayana mashimo. Yamejaa, yanang'aa, na mtu asiyejua angesema ni mwanamke mwenye afya aliyekasirika kidogo. Nywele zangu zimelowa. Pembeni kabisa linaonekana pindo la kanga ya bibi. Na kuna ile nafasi katikati, ambayo kila mgeni aliyeiona picha aliuliza, "Hapa alikuwa asimame nani?"

Salamu za mama zilitufikia kwa vinywa vya watu: dereva, mwinjilisti, mjomba mwenyewe alipokuja. Na kila mara salamu zilikuwa na mkia uleule. "Mama yenu hajambo. Anauliza, Sekela anakohoa? Lusajo anakohoa?" Hakuuliza kama namkumbuka. Hakuuliza kama nimeota meno. Kukohoa tu. Mara moja nilimjibu dereva kwa hasira, "Mwambie sikohoi, nacheza rede," na bibi akanifinya sikio.

Nilipokuwa mkubwa kidogo nilipelekwa Iringa kusoma shule ya wasichana ya misheni, likizo fupi nikikaa kwa mjomba. Safari ile ya kwanza nilitapika tangu Nyololo mpaka Iringa, ndiyo kumbukumbu yangu ya fahari ya kwenda shule. Na ni pale Iringa, kituo cha mabasi, ndipo mama alipotushukia mimi na mjomba akiwa amepona. Alikuwa amenenepa. Mashavu yalikuwa yamerudi. Nilikuwa nimeota mara nyingi kuonana naye, na katika ndoto zote nilikimbia. Siku yenyewe nilipiga goti, nikasema, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akanishika kwa ncha za vidole, na akageuza uso pembeni kabla ya kunijulia hali.

Hivyo ndivyo alivyobaki. Daktari alimwandikia kwamba amepona, lakini mwili wake ulikuwa umejifunza kitu na haukukisahau. Alipika, alilima, alinifundisha kushona, alinitetea kwa baba nilipotaka kuendelea na masomo. Lakini akiongea na sisi aligeukia ukutani, na kikombe chake alikiosha peke yake. Mimi nami nilikuwa nimejifunza kusimama kwenye jiwe la kufulia, hata pale ambapo jiwe halipo. Tuliishi kwa heshima kubwa, kama wageni wawili wanaopendana.

Nilikuja kulielewa jambo hilo nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Mama alisafiri kutoka Mbeya kuja kunihudumia. Aliingia, akakaa kwenye kiti kilicho karibu kabisa na mlango, mikono mapajani. Nikamletea mtoto.

"Mweke tu kitandani," alisema. "Namwona kutoka hapa."

Nilikuwa nimechoka, na uchovu hufungua mdomo. "Mama, nilikukosea nini mimi?"

Alinitazama kama hajasikia vizuri. Nikamwambia yote, kuhusu ndama, kuhusu bakuli, kuhusu sabuni ya bibi siku ile ya upepo. Alisikiliza akiwa ameshika mdomo.

"Siku ile," alisema mwishowe, "nilikupumulia. Usoni kabisa. Miezi yote ile nilikuwa nimejizuia, Sekela, nilikuwa nasikia ukilia usiku na kuuma mto. Halafu dakika moja tu, nikakupumulia. Kule hospitalini wengine walikuwa wanaomba wapone. Mimi nilikuwa naomba usikohoe."

Mtoto alinung'unika mikononi mwangu, yule kichanga mwenye siku chache, na joto lake lilinifanya nijue kitu ambacho hakuna mtu angeweza kunieleza: uzito wa kuwa na mtoto karibu hivi na kutomgusa, leo, na kesho, na keshokutwa, naye anakutazama akidhani humpendi.

Nikaenda nikampakatisha mama mtoto yule mapajani. Alikakamaa. Alimshika vizuri, mikono haisahau, lakini uso aliugeuzia dirishani, shingo imevutika, akishikilia pumzi.

"Mama," nikamwambia, "mpumulie tu."

Alitikisa kichwa.

"Umepona siku nyingi, mama. Mpumulie."

Alikaa hivyo kwanza. Kisha aligeuka taratibu sana, akainama mpaka pua yake ikagusa paji la mtoto, na akaachia pumzi yote aliyokuwa ameishikilia. Nikakaa kwenye sakafu ya saruji miguuni pake, nikaegemeza kichwa changu gotini kwake, mtu mzima mimi, na baada ya muda nikauhisi mkono wake ukitafuta kisogo changu.